Ni umri, ni ugonjwa, au ni maneno ya watu? Namna ya kuendesha darasa la wazee wanaojidharau

Kaa juani na wazee wa Mufindi, mkoani Iringa, asubuhi ya baridi, usikilize wanavyojisema. "Sisi ni wa kusubiri siku tu." "Kichwa hiki hakiingii kitu tena." "Mgongo? Aa, ni uzee tu, mwanangu." Anayesema hivyo hatanii. Anaamini, na kwa kuwa anaamini haendi zahanati, hachangii kikaoni, simu aliyonunuliwa na mwanawe inakaa kabatini, na nyama ikiletwa mezani anawasogezea wajukuu akiona kwamba mwili wake hauna tena haki nayo.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Niliingia kazini na kundi la walimu wa UPE, yaani Elimu ya Msingi kwa Wote, nikafundisha watoto mchana na ngumbaru jioni, na sasa nimevuka sitini na nafundisha wazee wenzangu. Naandika haya kwa yeyote anayetaka kuanzisha darasa la namna hii: katekista, ofisa maendeleo ya jamii wa kata, mhudumu wa afya, kiongozi wa VICOBA (vikundi vya kuweka na kukopa), au mjukuu aliyemaliza chuo na yuko nyumbani akisubiri ajira.

Watu wengi hudhani kwamba dharau kwa wazee ni ya kuwafundisha vijana waiache. Vijana wafundishwe, ndiyo. Lakini Becca Levy, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, ameonyesha jambo ambalo mimi nalikuta kila wiki: mtu hujifunza maneno mabaya kuhusu wazee akiwa mtoto, wakati hayamhusu wala hayamuumi, akakua nayo, na siku akizeeka maneno yaleyale yanamgeukia. Mwaka 2002 yeye na wenzake walichapisha matokeo ya kufuatilia watu 660 wa mji mdogo wa jimbo la Ohio, Marekani, waliokuwa na miaka 50 au zaidi walipoanza kuulizwa. Waliouona uzee wao kwa jicho jema waliishi kwa wastani miaka 7.5 zaidi ya waliouona kwa jicho baya, hata watafiti walipozingatia umri, jinsia, kipato na afya zao. Usiwaahidi wazee wako miaka hiyo, maana ni wastani wa watu wa kule. Mimi huitaja kwa viongozi wa kijiji ninapoomba chumba, wajue kwamba tunazungumzia uhai wa watu.

Saa, viti na salamu

Usiite darasa wakati wa palizi. Huku mvua huanza Novemba na kuachia Aprili, na mzee wa Mufindi bado ana shamba. Ukimwita Januari umemwambia kwamba shamba lake si kazi. Miezi mizuri ni kuanzia Agosti, mahindi yakishaingia ndani. Ukilazimika kuanza Juni au Julai, kutaneni kuanzia saa nne, ukungu ukishaondoka. Sisi tunakutana siku ya VICOBA, hisa zikishanunuliwa, kwa sababu watu wako pale tayari na hakuna anayepanda kilima mara mbili.

Madawati ya shule ya msingi yaache. Magoti ya mtu wa miaka 75 hayapiti pale, na akishindwa kunyanyuka mbele ya wenzake atakuwa amejifunza kinyume cha ulichokuja kufundisha. Omba vile viti vya plastiki vinavyokodishwa msibani, vyenye mahali pa kuegemeza mikono. Vipange mduara. Wewe usikae na dirisha mgongoni, maana uso wako utakuwa giza, na wasiosikia vizuri husoma midomo. Choo kiwe karibu na kisafi. Watu kumi na wawili hadi kumi na watano wanatosha. Wakizidi hapo, wanaozungumza ni walewale wanaozungumza kila mahali.

Salimia kila mmoja kwa mkono, "Kamwene", usikilize habari za nyumbani mpaka ziishe. Kijana anayeingia, akasalimia chumba kizima kwa "Shikamooni" moja na kuanza kuunganisha projekta, amekwisha kupoteza watu. Lugha nayo iwe huru. Wapo ambao Kiswahili chao ni cha sokoni, na mambo ya ndani ya mwili wanayajua kwa Kihehe. Tafuta wa kutafsiri anayeheshimika, asiwe mtoto wa mmojawapo.

Siku ya kwanza vuneni maneno

Siku hiyo usifundishe kitu. Uliza swali moja: "Mlipokuwa vijana, mlisemaje kuhusu wazee?" Ukiwauliza wanavyojiona sasa watakujibu kwa adabu tu. Ukiwauliza walivyosema zamani wanacheka, wanakumbushana, na muda si mrefu bango kitita limejaa. Wazee ni wabishi. Wazee wananuka moshi. Mzee hurudia utoto. Mzee hana mapenzi. Bibi anayekaa peke yake mwogope. Na methali huletwa kama ushahidi: samaki mkunje angali mbichi. Methali hiyo ni ya malezi ya mtoto, lakini nimewasikia wazee wakiitumia kukataa kufundishwa kupiga simu.

Andika yote bila kukosoa hata moja, kila neno kwenye kadi yake. Kwa wasiojua kusoma chora: jicho, sikio, fimbo, kitanda. Kisha uliza swali la pili: "Ni lipi kati ya haya umewahi kujiambia wewe mwenyewe?" Hapo hakuna anayetaka kuanza, kwa hiyo zungumza mapema na mtu mmoja mwenye heshima zake, mzee wa kanisa au mama mwenye msimamo, akubali kufungua njia. Akishasema yeye, wengine watafuata.

Maduara matatu

Mkikutana tena, chora maduara matatu chini kwa majivu. Moja ni umri, la pili ni ugonjwa, la tatu ni maneno ya watu. Kila kadi iwekwe na wazee wenyewe kwenye duara wanaloona linaifaa, na wabishane. Mwalike muuguzi au mganga wa zahanati awe mmoja wa wabishani, asije na hotuba. Hapa ndipo ilipo kazi yenyewe, kwa hiyo usiharakishe. Kadi tatu kwa kikao kimoja si haba.

Anza na macho, kwa sababu matokeo yake yanaonekana haraka. Kuanzia miaka ya arobaini na kitu karibu kila mtu hushindwa kusoma maandishi madogo ya karibu. Huo ni umri, na dawa yake ni miwani ya kusomea. Lakini ukungu unaozidi kila mwaka, rangi kufifia, taa za gari kutawanyika usiku, mara nyingi ni mtoto wa jicho, na mtoto wa jicho hutolewa kwa upasuaji mfupi, mtu akarudi kwake siku hiyohiyo au kesho yake. Bibi mmoja wa upande wa Igowole alikuwa ameacha kuchambua maharage, akaacha hata kanisa asije akakanyaga watoto wa watu. Kadi ya jicho aliiweka yeye mwenyewe kwenye duara la umri. Muuguzi akammulika kwa tochi ya simu, akamwonyesha jirani yake weupe uliokaa kwenye mboni, akaeleza ni kitu gani. Bibi akainama, akaihamisha kadi kwa mkono wake. Aliporudi darasani baada ya upasuaji, alilalamika kwamba sakafu ya nyumba yake ilikuwa chafu na hakuna aliyemwambia.

Kusahau ndiko kunakowatisha zaidi, na hapa ueleze taratibu. Kuchelewa kulipata jina la mtu, kuingia chumbani ukasahau ulichofuata, hayo huja na umri. Kupotea njia ya nyumbani kwako, kuuliza swali lilelile kila baada ya dakika chache, kushindwa kusonga ugali ulioupika miaka hamsini, huo ni ugonjwa wa ubongo, nao hauwapati wazee wote. Kisha lipo la tatu, na hili ndilo linaloua: mzee aliyekuwa sawasawa juzi, leo anaweweseka, hajui yuko wapi. Huyo huenda ana malaria, au maambukizi ya mkojo au ya kifua, au ameishiwa maji, au sukari imeshuka, au dawa zimemzidia. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Nimeiona familia ikimfunika blanketi mtu wa namna hiyo na kusema amezeeka ghafla. Hakuna anayezeeka kwa siku mbili.

Miguu kuishiwa nguvu huwekwa na wote kwenye umri, na ni kweli kwamba misuli hupungua. Hapo nawasimulia habari iliyochapishwa mwaka 1990 na daktari Maria Fiatarone na wenzake. Walichukua wakazi wa nyumba ya kutunzia wazee huko Boston, watu dhaifu wa miaka tisini hivi, wakawafanyisha mazoezi ya kunyanyua uzito kwa miguu kwa wiki 8. Nguvu za mapaja yao zikaongezeka zaidi ya mara mbili. Sisi hatuna vyuma, tuna kiti. Simama na kuketi bila kushika kitu, mara tano, pumzika, mara tano tena. Kisha shika meza usimame kwa mguu mmoja ukihesabu hadi kumi. Fanyeni pamoja kila mnapokutana, na nyumbani kila siku. Mwenye maumivu ya kifua au presha isiyotulia amwone mganga kwanza.

Kuvuja mkojo zungumzeni wanawake peke yao na wanaume peke yao. Wanaume wengi hawajui kwamba tezi dume ina matibabu, na wanawake hawajui kwamba misuli inayozuia mkojo hufanyishwa mazoezi kama misuli mingine. Huzuni isiyoondoka wiki baada ya wiki, pamoja na kukataa kula na kukataa watu, nayo ni ugonjwa unaotibika. Kufiwa kunaumiza umri wowote, lakini mtu asiachwe humo kwa kuwa tu ana mvi.

Duara la umri lisibaki tupu. Ukiwaambia wazee kwamba uzee hauleti chochote watakuona mwongo, na watakuwa na haki. Sauti nyembamba huwa ngumu kusikika. Usingizi huwa mwepesi. Mikono na macho hujibu polepole zaidi. Kiu haiji upesi kama zamani, ndiyo maana mzee anywe maji kwa ratiba bila kusubiri kiu. Dawa hukaa mwilini muda mrefu zaidi, kwa hiyo asiongezewe kidonge na jirani. Mambo haya yakitajwa waziwazi yanapungua ukali, kwa sababu kila moja lina namna ya kuishi nalo.

Kadi ya macho mekundu

Katika duara la maneno ya watu kuna kadi moja nzito, nayo usiiruke. Nchini mwetu, hasa Shinyanga na mikoa ya Kanda ya Ziwa, bibi wameuawa kwa mapanga kwa kushukiwa uchawi, na alama iliyotajwa mara nyingi ni macho mekundu. Macho hayo yamepikwa na moshi wa kuni na wa kinyesi cha ng'ombe kwa maisha mazima. Huku kwetu nako minong'ono ipo. Akifa kijana, kuna watu ambao macho yao hugeukia kwa bibi anayekaa peke yake, na bibi mwenyewe anajua. Ndiyo maana wengine hawaendi msibani, na kutokwenda kwao kunahesabiwa kuwa ushahidi.

Usibishane nao kama uchawi upo au haupo. Utamaliza siku nzima na hutamwokoa mtu. Uliza badala yake: "Nani hapa amepikia kuni tangu alipoolewa?" Mikono yote ya akina mama itainuka. "Na kuanzia lini macho yakaanza kuwasha?" Waache wasimulie wenyewe kuhusu jiko la mafiga matatu, nyumba isiyo na dirisha, mvua ya Februari inayofanya kuni zifuke kutwa. Wanaume wasikilize. Baadaye mzungumzie jiko banifu, dirisha la jikoni, kukausha kuni kabla ya masika, na dawa ya macho zahanati. Halafu waulize wazee wa baraza, mbele ya mtendaji wa kijiji uliyemwalika siku hiyo: msiba ukitokea na jina la bibi likaanza kutajwa, nani atasimama na atasema nini? Wataje mtu. Wakikubaliana kwa maneno kamili, mkutano huo umezaa jambo kuliko semina yoyote.

Hindi na haragwe

Maswali ya kweli au si kweli ni njia ya zamani katika elimu hii. Mmarekani Erdman Palmore alitunga yake 25 mwaka 1977. Usiyatafsiri yale, tunga yako kutokana na kadi zenu. Kila mtu ashike punje za mahindi na za maharage: hindi ni kweli, haragwe ni si kweli. Unasoma sentensi, wanatumbukiza punje kwenye chungu kimoja kilichofunikwa kwa kitambaa, mkono ukiwa ndani. Hakuna anayejua jirani ametumbukiza nini, kwa hiyo hakuna anayeaibika. Kisha mmwage na kuhesabu pamoja.

Changanya sentensi za kweli na za uongo. "Mzee hahitaji mayai, maziwa wala dagaa kama kijana" si kweli. Misuli inayopungua inahitaji kujengwa, na anayewaachia wajukuu mboga yote anajidhoofisha. "Wazee wengi huwa na hasira" si kweli. Tabia ya mtu haibadiliki sana, na aliyekuwa mkali akiwa na miaka thelathini ndiye mkali sasa. "Wazee wote wana hekima" nayo si kweli, na hii huleta kelele nzuri. Sifa inayogawiwa kwa wote ni mzigo kama lawama: yule asiyejua jibu anaona ameushindwa uzee wenyewe. Watu huzidi kutofautiana kadiri wanavyoishi, kwa sababu kila mmoja amepita njia yake.

Sentensi inayogawa chungu nusu kwa nusu ni "Mzee ni mzigo kwa familia." Hapo siwapi jibu. Nawaomba wahesabu wajukuu waliowalea. Mikoa yetu ilipigwa na UKIMWI kuliko mingi. Utafiti wa kitaifa wa 2011/12 uliikuta Njombe na maambukizi ya asilimia 14.8 kwa watu wa miaka 15 hadi 49, ya kwanza nchini, na Iringa asilimia 9.1. Wazazi walipolala makaburini, nani alibaki na watoto? Wanaanza kutaja: huyu ni fundi gereji Makambako, huyu anasoma ualimu, huyu ndiye aliyenijengea choo. Mzee mmoja wa kiume, mjane, alieleza jinsi alivyojifunza kusuka nywele za mjukuu wake wa kike kwa ajili ya sikukuu. Tukipiga kura tena juu ya sentensi ileile, maharage huongezeka.

Walishajifunza wakiwa watu wazima

Kadi ya "kichwa hakiingii kitu" haing'oki kwa hoja. Ushahidi wake umo chumbani. Uliza: "Nani anakumbuka Mtu ni Afya?" Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ikaja kwa redio na kwa vikundi. Mimi nilikuwa mwanafunzi wa shule ya msingi. Nilimsindikiza mama kwenye kikundi, na kwa kuwa nilijua kusoma, nikawasomea watu wazima kijitabu cha kampeni baada ya kipindi cha redio. Kisha walijadili, wakaamua, wakaenda kuchimba vyoo na kufukia madimbwi. Miaka miwili baadaye ikaja Chakula ni Uhai. Wazee ulionao leo ndio waliokuwa vijana wa vikundi vile, na wazazi wao, waliokuwa na mvi tayari, walikaa nao benchi moja wakishika kalamu kwa mara ya kwanza. Waache wasimulie. Wewe uliza tu: "Basi lini kichwa kilifungwa?"

Halafu wafundishe jambo jipya palepale. Sisi tunafundisha kutuma pesa kwa simu, maana anayemtegemea mjukuu kwa namba ya siri amemkabidhi pochi. Kila mmoja atume shilingi elfu moja kwa jirani yake, kwa kidole chake, mpaka ujumbe uingie. Menyu ya simu hujifunga ukichelewa, na hapo ndipo wengi hukata tamaa wakidhani wameharibu simu au pesa imepotea. Waeleze kabla ya kuanza: ikijifunga kabla hujaweka namba ya siri, hakuna kilichopotea, anza upya. Mkono wako usiiguse simu yake hata akichukua muda mrefu. Rudieni wiki inayofuata, na inayofuata tena. Mzee anahitaji marudio mengi zaidi ya kijana, lakini akishika ameshika. Malizeni na ujumbe wa matapeli, ule wa "ile pesa tuma kwenye namba hii", na siku hiyo utashangaa ni wangapi wameshaibiwa wakanyamaza wasije wakaambiwa wamezeeka vibaya.

Watoto waje kufanya kazi, wasije kutazama

Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya 2021 kuhusu ubaguzi wa umri, linataja njia tatu zinazosaidia: sera na sheria, elimu, na kuwakutanisha watu wa rika tofauti. Hiyo ya tatu huharibiwa kwa urahisi. Watoto hupangwa mstari Oktoba mosi, Siku ya Wazee, wanaimba, wanakabidhi sabuni na kilo ya sukari, wanaondoka wakiamini kwamba mzee ni mtu wa kupewa sabuni. Mzee naye anaamini hivyo.

Wape kazi moja inayohitaji pande zote mbili. Kwetu ni kitalu cha miche ya parachichi. Vijana wawili waliopata mafunzo wanajua kubebesha miche, wazee wanajua udongo, kivuli, na upande wa kilima ambako jalidi hupiga. Mche ukishika, hakuna anayeweza kusema ni wa nani. Wakipumzika, watoto waulize maswali na wazee nao wawaulize watoto, kwa zamu. Wakutane tena na tena. Siku moja kwa mwaka haitoshi.

Maneno ya kuacha

Kuna sifa ambazo hufundisha dharau. Usimwambie bibi "wewe bado kijana" wala "huonekani kama mzee", kwa sababu umemwambia kwamba kuonekana mzee ni aibu aliyoikwepa. Msifu kwa alichokifanya. Usiseme naye kwa sauti ya kumbembeleza mtoto. Akiwa na mwanawe, muulize yeye, mtazame yeye, hata kama jibu litachelewa. Na mtu akisema "ni uzee tu", darasa zima lijibu kwa swali lenyewe: ni umri, ni ugonjwa, au ni maneno ya watu? Baada ya muda wanaulizana wenyewe wakiwa njiani.

Kuhusu haki, kikao kimoja kinatosha. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa ni mtu wa miaka 60 na kuendelea, na wazee wasio na uwezo wamepewa msamaha wa gharama za matibabu katika vituo vya serikali. Muuguzi aeleze utaratibu ulivyo sasa kituoni kwenu na karatasi zipi ziandaliwe kwa mtendaji, na kikao hichohicho majina yaandikwe.

Kujua kama linasaidia

Siku ya kwanza, na tena mwisho wa msimu, muulize kila mtu faraghani: mambo yako yanazidi kuharibika kadiri unavyozeeka? Bado unafaa kwa watu? Kuna kitu unatazamia mwaka ujao? Andika majibu. Lakini angalia zaidi matendo: nani ameenda kupima macho, nani amerudi VICOBA, nani amekataa kutoa namba ya siri, nani alizungumza msibani. Mzee mmoja aliyekuwa akijibu kila swali kwa "sijui, waulize vijana" alisimama kwenye mkutano wa kijiji akaeleza chemchemi ya zamani ilikuwa wapi, na wakaenda kuichimbua.

Msimu ukiisha, wazee wachague wawili kati yao wa kulipeleka darasa kitongoji cha jirani. Wape kadi, chungu, mahindi, maharage na bango, na nauli ya bodaboda kwenda na kurudi. Nenda nao mara ya kwanza, ukae kwenye mduara kama wengine. Watu wakikugeukia wewe na swali, mtazame mzee anayefundisha, umngojee ajibu.